Sauti ya Mzee Katikati ya Kwaya

Jirani yangu alikuja Jumamosi asubuhi, akasimama mlangoni na kufungua pindo la leso yake. Ndani mlikuwa na memori kadi ya simu, ndogo kama ukucha.

"Salaam aleikum, mwalimu."

"Aleikum salaam, Akko. Karibu ndani."

Mimi ni Mkristo, nilizaliwa upande wa Meru, lakini kukaa mtaa huu wa Kiwanjani kumenifunza kuitikia salamu jinsi inavyoletwa. Akko ni nyanya kwa Kiborana, na hivyo ndivyo mtaa mzima unavyomwita mama huyu, hata wazee wanaomkaribia umri.

"Hii iko na sauti ya mzee," alisema. "Kijana yangu alimrekodi kule Garbatulla kabla hajakufa. Sasa simu yake imeanza kuzimazima. Nataka kila mtoto apate yake, asikuje kusema mwingine amemficha baba."

Mume wake nilimjua kidogo. Alipokuwa akiletwa mjini kwa matibabu, alikaa nje ya nyumba yao na redio sikioni, akiinua fimbo kusalimu kila apitaye. Kwenye kadi ile, Akko alinieleza, mzee alikuwa akizungumzia visima: nani alichimba kipi, mifugo ilipelekwa wapi ukame ulipozidi, na ng'ombe gani walirudi. Akko mwenyewe hakuwa amezisikiliza sauti hizo tangu mazishi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema tu, "Bado."

Nilimwambia aniachie kadi na flashi mbili alizokuja nazo, arudi Jumatatu jioni.

Hapa lazima niieleze kompyuta yangu. Ilikuwa imetupwa na shule ninayofundisha, ikiwa ya polepole na imechoka. Mifumo ya kawaida inayoendesha kompyuta ilikuwa imekuwa mizito mno kwake. Katika kutafutatafuta mtandaoni nilikuta mfumo mwingine, mwepesi, usiouzwa na kampuni yoyote. Uliundwa na watu wachache waliotawanyika duniani, wenye kazi zao nyingine, ambao waliufanya wikendi kwa sababu waliupenda. Niliuweka, na kompyuta ikaamka. Nilifurahi hata nikaanza kuwaandikia wenye mfumo kila nilipokuta kitu kilichoharibika. Mimi ni mwalimu wa hisabati, si fundi wa programu, lakini wao walisema mtu anayeona kosa na kulieleza vizuri ni msaada mkubwa. Maneno hayo yalinipa kichwa kidogo.

Mfumo huo una programu ya faili, lile dirisha linalokuonyesha folda zako na kukuwezesha kunakili kitu kutoka hapa kwenda pale. Jumamosi ile nilinakili sauti za mzee kutoka kwenye kadi na kuzitia katika flashi mbili za kwanza ambazo Akko aliniletea. Siku hiyohiyo nilikuwa na kazi nyingine, nyimbo za kwaya ya akina mama wa kanisa letu. Mimi huimba humo sauti ya pili, na kiongozi wetu alitaka nyimbo zote ziwekwe kwenye flashi yake. Nilizimaliza zote kabla ya chakula cha mchana. Programu iliniambia kila kitu kimenakiliwa. Nililinganisha ukubwa wa faili, ukawa uleule. Nikanawa mikono, nikapika.

Jumatatu Akko alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaitengeneza leso yake, akatazama ukuta. Nikabonyeza faili ya kwanza. Mzee alikohoa, kisha akaanza kusema kwa ile sauti yake nzito. Kiborana changu ni cha kusalimu na kuagana, kwa hiyo nilimtazama Akko badala ya kusikiliza. Aliinamisha kichwa mara moja, kama anayekubali jambo. Mzee akawa anavuta jina la kisima fulani, na kabla hajalimaliza, akina mama wa kanisa letu wakaingia kwa sauti ya kwanza na ya pili, wakimsifu Bwana. Waliimba nusu ya ubeti. Kisha mzee akarudi, akiwa tayari katika habari nyingine.

Niliisimamisha.

"Huyu mzee aliingia kanisa lini?" Akko aliuliza.

Nilimtazama nione kama anatania. Uso wake haukunionyesha kitu.

"Akko, ni mashine. Imechanganya."

"Mashine inachanganya watu namna gani? Kadi ilitoka Garbatulla."

"Hata mimi sielewi."

"Jaribu ingine."

Nilijaribu nyingine. Ilikwenda sawa mpaka karibu na mwisho, ndipo zile sauti zikapasuka tena, neno moja na nusu, zikakatika. Akko aliinuka taratibu. Aliichukua kadi yake mezani na kuifunga tena katika pindo la leso. Flashi aliziacha.

"Mimi nitangoja," alisema. "Ukimaliza kumtoa huko, utaniita."

Jumapili iliyofuata kiongozi wa kwaya alinivuta kando baada ya ibada.

"Mwalimu, kuna mzee anakohoa kwenye wimbo wetu wa pili," alisema. "Halafu anaongea Kiborana. Tulirekodi wapi ule wimbo?"

Wenzetu waliosikia walicheka, nami nikacheka nao.

Nikaanza kutafuta. Kwanza nilishuku flashi, kwa kuwa mjini kwetu kuna flashi ambazo zinasema zina nafasi ambayo hazina. Nikazipima, zikawa nzima. Halafu nikashuku joto, kwa sababu nyumba yangu ni ya bati na mchana kompyuta inakuwa kama jiko. Niliihamisha kutoka mezani hadi sakafuni karibu na mlango wa nyuma, nikawa nafanya kazi nimekaa kwenye mkeka. Halafu nikashuku umeme. Kila shaka niliipa jioni yake na kila moja ilikufa.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba kila nilipojaribu kwa makusudi, hakuna kilichoharibika. Nilinakili nyimbo za kwaya na kuzisikiliza zote, mwanzo hadi mwisho, mpaka nikachoka na dini yangu. Zilikuwa safi. Nilinakili tena, zikawa safi tena. Nikajisemea labda lilikuwa jambo la siku moja, nikarudi kwenye shughuli zangu. Jioni hiyo nikanakili karatasi za mtihani wa kidato cha pili pamoja na picha za arusi ya dada yangu. Mtihani ulikataa kufunguka, na katika picha moja bi arusi alionekana mpaka kiunoni, na chini yake rangi ya kijivu tupu.

Nilianza kuhisi kwamba kompyuta inanitazama. Nikiichunguza inatulia, nikigeuka inakosea. Mtu anayefundisha hisabati hapaswi kusema hivyo, na sikumwambia mtu.

Nilimwandikia aliyeitengeneza ile programu ya faili. Simjui kwa sura. Anaishi katika nchi ya theluji, na kazi yake ya mchana ni kusaga vioo vya miwani. Alinijibu kwa Kiingereza kifupi, cha upole: ameisoma barua yangu mara kadhaa, amejaribu kwake, kwake hakuna kosa. Je, ningeweza kumtumia mfano wa faili iliyoharibika?

Sikutaka kumtumia sauti ya mzee. Nikazipitia zile flashi mbili za Akko nikitafuta kipande ambacho mzee haongei, na nikakuta kitu nilichokuwa sijakisikia. Katika faili moja mzee alianza vizuri, akaenda kwa muda, akanyamaza. Baada ya kimya hicho ikaja sauti ya mwanamke mmoja akiimba kwa mbali. Haikuwa kwaya yetu. Ilikuwa Kiborana, na chini ya wimbo kulikuwa na mdundo, kama kitu kinachogongagonga ndani ya kitu. Wimbo ukaendelea, faili ikaisha.

Sikuwa na wimbo wa Kiborana popote kwenye kompyuta yangu. Ule mdundo niliuchukulia kuwa kelele za uharibifu wenyewe. Nilikata kipande hicho, nikamtumia yule bwana wa miwani, nikaandika: tazama, sasa inaleta hata sauti ambazo sijawahi kuwa nazo.

Halafu nikaongeza jambo ambalo halikunipa raha. Vipande vya kwaya vilikuwa mahali tofauti katika flashi ya kwanza na ya pili. Lakini mwanamke huyu alikuwa katika flashi zote mbili, mahali palepale, sekunde ileile.

Alinijibu baada ya siku kadhaa. Alisema hili la pili ni mnyama mwingine. Alidhani labda ni mabaki ya faili iliyofutwa zamani kwenye kadi, lakini hakuona yangepitaje. Wikendi iliyofuata aliandika kwamba ameketi nalo siku nzima na hajalipata. Wikendi nyingine akaandika vivyo hivyo. Mke wake, alisema, ameanza kumuuliza huyo mwanamke ni nani.

Mimi na Akko tulikuwa tukikutana kila siku, kwenye maji, kwenye duka la kona, kwenye njia. Tulisalimiana kama kawaida. Hakuuliza. Kila alipopita bila kuuliza nilisikia vibaya zaidi kuliko kama angeuliza. Siku moja tu, akiwa amebeba mtungi, alisimama na kusema, "Mwalimu, mzee bado ako na wale wamama?"

"Bado, Akko. Ninatafuta."

"Basi."

Na akaenda.

Ndipo yule bwana akaniomba kitu cha ajabu. "Niandikie kila kitu ambacho mikono yako inafanya," alisema, "tangu unapokaa hadi unapoinuka. Hata kile unachoona hakina maana."

Nikakaa kwenye mkeka nikaandika. Ninachemsha chai. Ninawasha kompyuta. Ninachomeka kadi, ninachomeka flashi. Ninafungua dirisha la kwanza, ninaanza kunakili. Wakati hilo linaendelea ninafungua dirisha la pili na kuanza kunakili kazi nyingine, ili nisipoteze wakati.

Niliisoma sentensi hiyo tena. Nilipokuwa nikichunguza, sikuwa nikifanya hivyo. Nikichunguza nilikuwa mwangalifu, kazi moja, kisha nyingine. Ni nikiwa na haraka zangu za kawaida ndipo nilikuwa nikianzisha kazi mbili pamoja.

Nilijaribu papo hapo, madirisha mawili, kwaya na picha za arusi. Nikaharibu picha tatu kwa mkupuo mmoja, nikafurahi peke yangu sakafuni.

Jibu lake lilikuja haraka safari hii. Alieleza kwamba programu hainakili faili nzima kwa mkupuo. Inachota kipande, inakiweka mahali fulani katika kumbukumbu, kisha inakimimina upande wa pili. Yeye alikuwa ametenga mahali pamoja tu. Madirisha mawili yakifanya kazi kwa pamoja, yote yanatumia ndoo ileile. Huyu anatia, na kabla hajamimina, mwenzake anakuja na kutia yake juu. Ndiyo maana ukubwa ulikuwa sawa. Ndoo ilijaa vilevile, ila maji hayakuwa yake. Aliomba radhi mara mbili, kisha akaniletea programu iliyorekebishwa.

Nikamwendea Akko kuomba kadi.

"Umemtoa?" aliuliza.

"Nafikiri nimemtoa. Nataka kunakili upya nisikilize kwanza mwenyewe."

Alinipa. Nikanakili huku dirisha la pili likinakili kwaya, kwa makusudi, kuijaribu. Kisha nikasikiliza. Mzee alizungumza mfululizo, faili baada ya faili, akakohoa mahali pake, akacheka mara moja na mtu aliyekuwa akimrekodi. Hakuna kwaya. Nikafika kwenye faili ile nyingine. Mzee akaenda, akanyamaza. Mwanamke akaanza kuimba, na mdundo wake chini.

Nilihisi nimepigwa kofi. Nikaicheza moja kwa moja kutoka kwenye kadi, bila kunakili chochote. Alikuwa humo pia, sekunde ileile.

Sasa nikaogopa kwa kweli. Nilidhani programu, katika ule mchafuko wa mwanzo, ilikuwa imeandika juu ya kadi yenyewe, na kwamba maneno ya mzee yaliyokuwa hapo yamepotea na hayatarudi. Nikamwandikia bwana wa miwani. Akajibu kwamba programu yake haiandiki kitu mahali inapochota, haiwezekani. Halafu akaongeza, kwa uaminifu, kwamba alishawahi kuniambia haiwezekani kuhusu mambo mengine.

Sikuwa na njia nyingine ila kumwita mwenyewe. Akko alikuja baada ya swala ya alasiri, akakaa kwenye kiti kilekile. Nilimwambia mapema: kwaya imetoka, lakini kuna faili moja ambayo bado ina matatizo, na sijui nilichopoteza. Nikambonyezea.

Mzee alizungumza. Akanyamaza. Wimbo ukaanza. Nilinyoosha mkono kuizima, na Akko akainua wake kunizuia. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande.

"Hiyo ni mimi," alisema.

"Wewe?"

"Nilikuwa natikisa maziwa huko nje. Ukuta ya nyumba ile ni miti na udongo, sauti inapita." Alionyesha kwa mikono jinsi chombo cha maziwa kinavyotikiswa mapajani, mbele na nyuma, ili siagi itengane. Ndio ulikuwa mdundo wenyewe. "Mzee alikuwa anangoja nimalize. Hakuwa anaongea kama mtu mwingine anaimba. Sasa kijana akachoka kungoja, akazima simu."

Nilikaa. Nilikuwa nimeandika barua ngapi kuhusu wimbo huo, nikiuita kelele, nikiuita uchafu. Nikamweleza Akko yote, pamoja na mtu wa nchi ya theluji ambaye nilimtumia kipande.

"Kwa hivyo kuna mzungu ako na sauti yangu," alisema.

"Ako nayo. Nilimtumia atafute kosa ndani yake."

"Alitafuta sana?"

"Sana. Wikendi nyingi."

"Na akapata?"

"Hapana, Akko. Haikuwa na kosa."

Alifikiri kidogo. "Mwambie afute," alisema. "Ya watoto wacha ikae. Hao wanajua mama yao anaimba vibaya."

Halafu akaniambia nimchezee tena faili ya kwanza, ile ya kisima, ambayo kwaya ilikuwa imeikata. Mzee alilisema jina lote. Akko akalirudia baada yake, polepole, akasema ndipo alipozaliwa kifungua mimba wao. Tulisikiliza mpaka mwadhini akaita magharibi, naye akaenda kuswali.

Bwana wa miwani nilimwandikia siku iliyofuata. Alijibu kwamba amefuta, na kwamba anaona aibu kidogo, kwa kuwa kwa majuma yale yote ya kutafuta wimbo ulikuwa umemwingia na alikuwa akiuimbaimba chini kwa chini kazini bila kujua. Aliniuliza unahusu nini. Nilimuuliza Akko. Alisema unahusu maziwa.

Nikajaza flashi za watoto wote, moja moja, ingawa sasa ningeweza kuzifanya kwa pamoja. Nilizisikiliza vipande, hapa na pale. Moja ilikwenda Garbatulla na dereva wa lori la mifugo, kwa binti mkubwa wa Akko, ambaye ameolewa huko.

Binti huyo alinipigia simu siku chache baadaye. Alinishukuru, akamshukuru mpaka mama yangu aliyenizaa. Kisha akasema, kwa uangalifu, kama mtu asiyetaka kulalamika, "Lakini mwalimu, kwenye redio yetu, tukichomeka flashi, ile ya kumi inaanza kabla ya ile ya pili. Baba anamaliza hadithi, halafu ndio anaianza. Hiyo ni sawa?"

Sikujua. Ingeweza kuwa redio yake, ingeweza kuwa namba nilizozipa faili ziwe majina yao, ingeweza kuwa ile programu. Nilimwambia hivyo.

"Usijali," alisema. "Tumeshasikiliza yote. Watoto wanataka ile ya mama, ile ya maziwa. Wanairudia tu."

Nyuma yake nilisikia mtu akicheka na mbuzi wakilia. Tukaagana, nikawasha kompyuta kutazama zile namba.